Mto upewe nafasi, na mpangaji aende wapi?

"Ninaishi kando ya mto, kwenye mtaa wa vyumba vya kupanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa. Mwaka huu maji yameingia ndani mara mbili, na miezi ya joto hatulali. Sasa manispaa imeleta mpango wake wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Nyumba zote zilizo ndani ya mita 60 kutoka mtoni ziondolewe katika siku 90, pale pawe bustani. Magari ya abiria yenye zaidi ya miaka 15 yasiingie katikati ya jiji. Miti 5,000 ipandwe, mingi kandokando ya barabara kuu. Wenye nyumba watalipwa. Sisi wapangaji hatukutajwa. Nilipouliza mkutanoni, ofisa alijibu kwamba maji hayachagui tajiri wala maskini, na kwamba tukianza mambo ya haki tutachelewesha kazi na watu watakufa. Nimechaguliwa kwenye kamati ya mtaa ya watu saba. Nahisi kuna jambo haliko sawa ila nashindwa kulieleza. Je, jiji linaweza kujikinga na mabadiliko haya na bado likatenda haki, au ni lazima tuchague moja?"

Ndugu yangu, kwanza pole. Maji yakishakuingilia chumbani mara moja, usingizi wa siku za mvua huwa umekwisha, na wewe yamekuingilia mara mbili. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa muda mrefu na swali lako nimekutana nalo kwa sura nyingi. Nikilisoma vizuri, unaogopa kwamba ukidai haki utaonekana mkwamishaji, na ukinyamaza utajikuta barabarani na godoro lako. Chini ya hofu hiyo kuna swali zito zaidi: je, haki ni kitu cha kuongezwa jiji likishapona, au ni sehemu ya dawa yenyewe? Mimi nasema ni sehemu ya dawa. Nitakueleza kwa nini, na pale manispaa ilipo na hoja sitakuficha.

Tuanze na ile kauli ya ofisa. Ni kweli maji hufuata mteremko tu. Lakini nani alipata kiwanja cha mwinuko na nani akaachiwa bonde, mtaro wa zege uliishia mtaa gani, gari la taka linafika wapi na linageuzia wapi, hayo yote yaliamuliwa na watu, mengi yake kabla wewe hujahamia hapo. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, lilieleza katika ripoti yake ya 2022 kwamba kati ya 2010 na 2020 vifo vya mafuriko, ukame na dhoruba vilikuwa mara 15 zaidi katika maeneo ambayo watu wake wako katika hali dhaifu kuliko katika maeneo yaliyojiweka vizuri. Mvua haikunyesha mara 15 zaidi. Tofauti hiyo imetokana na nyumba, mitaro, hospitali, kipato na onyo linalofika kwa wakati.

Mfano unaonisaidia kila ninapoeleza jambo hili unatoka Marekani. Miaka ya 1930 zilichorwa ramani za miji kuonyesha mitaa ambayo kuikopesha fedha za nyumba kulionekana ni hatari, na mitaa hiyo, mingi ikiwa ya watu weusi, ikapakwa rangi nyekundu. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha ramani hizo na vipimo vya joto vya leo katika miji 108. Mitaa iliyokuwa nyekundu ina joto zaidi ya mitaa mingine ya miji hiyo kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuwapelekea watu wale joto. Waliwanyima mikopo, mitaa ikakosa miti na bustani, ardhi ikawa rahisi, barabara kubwa na viwanda vikapelekwa huko, na miongo minane baadaye jua linaisoma ile ramani. Kwa hiyo ofisa akikuambia maji hayachagui, mjibu kwa upole kwamba uchaguzi ulishafanyika, na kwamba mpango wa sasa ama unaurekebisha au unaurudia.

Sasa nikueleze joto linavyofanya kazi, maana wengi huliona dogo kuliko mafuriko kwa kuwa halibebi vitu. Lami, zege na matofali hunyonya jua mchana kutwa na kulirudisha kidogokidogo usiku. Mti hufanya kinyume: huvuta maji ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia majani, na mvuke huo huondoka na joto, tena hapo sijahesabu kivuli. Ukiondoa miti, ukafunika udongo wote, ukabananisha nyumba hadi upepo usipite, mtaa utachemka kuliko mtaa jirani wenye bustani, chini ya jua lilelile.

Niliwahi kukesha kwenye chumba cha bati kisicho na dari, nikiwa na kipimajoto, kwa kazi ya upimaji. Nilidhani bati ndilo lingenitesa usiku. Kumbe bati ni jembamba, jua likizama linapoa haraka. Mchana ndilo linachoma kweli, na joto lake hushuka hadi kwenye kuta. Usiku, kuta ndizo zilizotuoka. Saa tano ukiweka kiganja ukutani ulihisi kama umegusa sufuria iliyotoka jikoni muda si mrefu. Mama mwenye chumba alimlaza mtoto mlangoni, mlango ukiwa wazi, naye akakaa macho kuchunga wezi. Mwili wa binadamu hutegemea usiku ili upoe. Ukikosa kupoa usiku wa kwanza unachoka, na ukikosa usiku wa pili na wa tatu, wazee, wachanga na wenye maradhi ya moyo huanza kufa kimyakimya vyumbani mwao.

Chicago waliliona hilo Julai 1995. Kwa siku chache za joto kali walikufa watu 739 zaidi ya idadi ya kawaida, wengi wao wazee walioishi peke yao, na wengine walikuwa wamefunga madirisha kwa kuogopa uhalifu. Lililowashangaza watafiti ni mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale. Umaskini ulikaribiana, wazee wanaoishi peke yao walikuwepo pande zote mbili, lakini kiwango cha vifo cha mtaa wa kwanza kilikuwa takriban mara 10 ya kile cha pili. Kwenye ule wa kwanza maduka yalikuwa yamefungwa, nyumba zimeachwa, barabara tupu. Kwenye ule wa pili kulikuwa na pilikapilika, kwa hiyo mzee alikuwa na mahali pa kutoka kwenda na mtu wa kumgongea mlango. Nakuomba uukumbuke mfano huu tutakapofika kwenye suala la kuhamishwa, kwa sababu ujirani wenu wa miaka kumi na moja ni kinga, na katika ile hesabu ya fidia hauna safu yake.

Mafuriko nayo yana siri yake. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, ndiyo maana mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Hiyo ni sehemu ya dunia nzima. Sehemu ya jiji ni hii: kila kiwanja kinachosakafiwa huko juu kinaacha kunywa maji, na maji yasiyonywewa huteremka yote kwa mkupuo. Katika jiji moja nilifuata mtaro kwa miguu kutoka juu hadi chini. Juu, kwenye eneo jipya la maghala, ulikuwa wa zege safi, mpana kiasi cha gari kupita. Ulipofika kwenye barabara kuu, maji yote yale yalitakiwa kupenya makaravati mawili ambayo ningeweza kuyakumbatia, na nusu ya kila moja ilikuwa mchanga na chupa za plastiki. Watu wa chini waliambiwa wanafurika kwa sababu wamejenga mtoni. Baadhi yao walikuwa wamejenga mtoni kweli. Ila hata wangeondoka wote, maji ya maghala yale yangefurisha mtaa unaofuata.

Ndiyo maana swali la kwanza la kamati yenu lisiwe "tutalipwa ngapi?" Ulizeni hivi: maji haya yanatoka wapi, na nani mwingine kwenye mpango huu anatakiwa kufanya kitu? Kama anayewajibika kubadilika ni mtu wa bondeni peke yake, huku wa juu hawatakiwi hata kuacha sehemu ya udongo wazi au kuchimba bwawa la kupunguza kasi, basi mpango una kasoro ya kihandisi kabla hujafika kwenye haki.

Je, kudai haki kunachelewesha? Wakati mwingine ndiyo, kwa wiki au miezi, na si vizuri kulikana. Lakini angalia kinachotokea haki ikiachwa. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga New Orleans, Marekani, mwaka 2005, tume ya kuijenga upya ilitoa ramani Januari 2006. Juu ya mitaa kadhaa iliyofurika kulikuwa na duara za kijani, maana yake pale pangeweza kugeuzwa bustani za kupokea maji. Kwa wahandisi wazo lenyewe lilikuwa na mantiki. Wakazi, wengi wao wakiwa bado wametawanyika miji ya mbali, waliiona ramani hiyo gazetini. Hasira zilizozuka ziliuzamisha mpango mzima, na kwa muda mrefu hata neno bustani likawa halitamkiki mbele ya watu wale. Mtaa wa Broadmoor, uliokuwa chini ya duara mojawapo, ukajipanga na kujijenga wenyewe. Hapo haraka iliyoruka watu ndiyo iliyopoteza miaka.

Upande wa pili yupo Ahmedabad, India. Mei 2010 joto liliua watu 1,344 zaidi ya kawaida katika jiji hilo. Mwaka 2013 likaanzisha mpango wa kukabili joto uliolenga kwanza walio hatarini zaidi: onyo kwa simu na redio, maji ya kunywa mahali penye watu wengi, mafunzo kwa wahudumu wa afya, na baadaye mapaa ya mitaa maskini kupakwa rangi nyeupe. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba mpango huo ulikuwa ukiepusha vifo takriban 1,190 kwa mwaka. Walianza na wale wanaokufa kwanza, na kwa kuwa vifo vingi viko huko, idadi ikashuka haraka. Ukitaka jibu fupi kwa ofisa aliyesema watu watakufa, ni hilo la Ahmedabad.

Sasa mita 60. Hapa sikubaliani na manispaa moja kwa moja, wala sikubaliani na anayesema msiguswe kabisa. Mstari wa mita ni rahisi kuuandika kwenye barua, lakini maji hupanda kwa kimo. Upande mmoja wa mto, mita 60 inaweza kuwa bado ni tambarare inayofunikwa kila mwaka, na upande wa pili ikawa juu ya kilima ambako maji hayajawahi kufika. Ombeni ramani ya mafuriko yenye kontua, yaani mistari inayoonyesha kimo cha ardhi, na muulize imepimwa lini na kwa mvua ya kiwango gani. Mkiambiwa "mafuriko ya miaka 100", msielewe kwamba yatakuja mara moja kwa karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, na kwa mtu atakayeishi pale miaka 30 uwezekano huo unafika karibu asilimia 26. Huo si mdogo.

Wapo watakaolazimika kuondoka. Chumba kilichosimama ndani ya mkondo wenyewe, au kwenye kingo inayomeguka, au chini ya mteremko unaoteleza, hakiokolewi na mtaro wala miti. Kumwacha mtu pale kwa jina la kutetea haki yake ni kumdhulumu. Kazi ya kamati ni kuwatofautisha hawa na wale wanaoweza kubaki nyumba zao zikiinuliwa misingi, njia zikipanuliwa na mitaro ikafunguliwa, na wale wa katikati ambao wanaweza kusogezwa mita chache tu ndani ya mtaa uleule.

Hilo la kusogezwa si ndoto. Bangkok, baada ya mafuriko makubwa ya 2011, serikali ilitaka kujenga kingo za zege kando ya mfereji wa Lat Phrao, ambako maelfu ya familia walikuwa wamejenga hadi juu ya maji. Kupitia mpango wa kuboresha makazi ya maskini uitwao Baan Mankong, ulioanza 2003, jamii nyingi za pale ziliunda vyama vya ushirika, zikaweka akiba, zikapewa mkataba wa miaka 30 wa kukodi ardhi ya serikali, zikavunja nyumba zao na kujenga mpya, ndogo na zilizopangika, hatua chache nyuma ya mfereji. Mfereji ulipata nafasi yake na watu wakabaki karibu na kazi na shule. Haikwenda laini kila mahali. Zilikuwepo familia zilizokataa, na zilizoshindwa kulipa mkopo. Lakini ukiambiwa kwamba ni ama bustani ama watu, Lat Phrao ni ushahidi kwamba kuna njia ya tatu.

Kuhamishiwa mbali ndiyo njia ninayoiogopa zaidi, hata ikija na kiwanja cha bure. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Kiwanja ni kitu kikubwa, na wapo waliotulia pale. Lakini kazi, wateja na ndugu walibaki mjini, na wengine wakarudi bondeni. Anayeishi kwa kazi za kutwa akiongezewa saa tatu za safari kila siku, umempunguzia hatari ya maji ukampa hatari ya njaa. Na ile kinga ya Chicago, jirani wa kukugongea mlango, umeivunja.

Kuhusu bustani yenyewe, usiichukie. Bustani iliyochongwa vizuri ni bwawa linalojificha. Copenhagen ilipigwa na mvua ya takriban milimita 150 kwa muda wa saa mbili hivi tarehe 2 Julai 2011, na baadaye ikageuza bustani na viwanja vyake kuwa mahali pa kushikia maji. Bustani moja ya zamani, Enghaveparken, sasa inaweza kuhifadhi mita za ujazo 22,600. Lakini muulize mhandisi wenu: bustani hii imeundwa kupokea maji kiasi gani? Kama hakuna namba, mnahamishwa kwa ajili ya mandhari. Na hata ikiwa na namba, kodi za nyumba zinazobaki jirani hupanda bustani nzuri ikikamilika. Mpangaji anaweza kusalimika na tingatinga kisha akaondolewa na kodi mwaka unaofuata. Ndiyo sababu ulinzi wa wapangaji, yaani ukomo wa kupandisha kodi kwa miaka kadhaa au nyumba za bei nafuu ndani ya eneo la mradi, unatakiwa uandikwe kabla ya mche wa kwanza. Ukija baadaye unakuta ardhi imeshauzwa.

Miti 5,000 ni habari njema ikipandwa panapostahili. Barabara kuu hupendeza kwenye picha, lakini waulizeni kama wamepima joto mtaa kwa mtaa na kuanza na ule unaochemka zaidi. Medellín, Kolombia, ilianza mwaka 2016 kutengeneza korido 30 za kijani kando ya barabara na mikondo ya maji, ikawafundisha kazi ya bustani watu 75 kutoka mitaa maskini ili waitunze, na jiji hilo limeripoti joto kupungua kwa nyuzi 2 kwenye maeneo hayo. Hapo kwenye kutunza ndipo miradi mingi hufa. Mche unahitaji maji na ulinzi kwa miaka mitatu hivi ya mwanzo, kwa hiyo bajeti ya kupanda isiyo na bajeti ya kumwagilia ni bajeti ya picha. Na kwa kuwa kivuli cha mti huchukua miaka, ombeni cha haraka pia: rangi nyeupe juu ya mabati, dari, matundu ya upepo, na jengo moja la umma lenye ubaridi ambalo hubaki wazi siku za joto kali, kama Barcelona inavyofanya kwa maktaba na shule zake.

Magari ya abiria ya zamani yanatoa moshi mwingi, na moshi huo mnaupumua ninyi. Siyatetei. Ninalopinga ni mpangilio wa hatua. Stockholm ilipotaka kutoza ada magari yanayoingia katikati ya jiji, iliongeza kwanza mabasi mapya 197 na njia mpya 16 mwezi Agosti 2005. Ada ikaanza kwa majaribio Januari 2006. Magari yalipungua kwa karibu moja ya tano, na Septemba mwaka huohuo wakazi wa jiji wakapiga kura ya kuikubali. Mtu alipata basi kwanza, akaguswa mfukoni baadaye. Kwenu ni marufuku inayotangulia, na mbadala haujatajwa. Dereva atapoteza gari, abiria atatembea, na mwenye gari lake dogo jipya, abiria akiwa mmoja, atapita bila kuulizwa kitu.

Kuhusu wewe kama mpangaji, hapa ndipo nadhani lile jambo usiloweza kulieleza limejificha. Mpango unahesabu majengo, na watu wanaoishi ndani hauwaoni. Kwenye mitaa kama wenu, mwenye nyumba mara nyingi anaishi kwingine. Atalipwa fidia ya vyumba kumi, na kaya kumi zilizolowa zitaondoka na vitu vyao tu. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ilishaeleza mwaka 1997 kwamba kuondoa watu kusiwaache bila makazi, na tafsiri yake ya makazi inamhusu mpangaji pia. Sheria za nchi hutofautiana katika kuheshimu hilo, lakini hoja hiyo ni yako na unaweza kuisimamia. Mnachoweza kudai kwa wapangaji ni gharama za kuhama, kodi ya miezi kadhaa ya kuanzia, na nafasi ya kwanza kwenye nyumba zitakazojengwa. Hilo halifilisi mradi.

Neno kuhusu kamati yenu. Watu saba ni wachache mno na ni rahisi kununuliwa au kutishwa, na mara nyingi viti hujazwa na wenye nyumba. Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda jijini Nairobi, lilipotangazwa mwaka 2017 kuwa la mpango maalumu, wakazi walijipanga kwa vikundi vya kaya kumikumi, kila kikundi na mwakilishi wake, ili habari ipande na kushuka bila kupotelea kwa wakubwa wachache. Mpango huo haukuzuia kila kitu, maana mwaka 2024 mafuriko na ubomoaji wa kingo za mito vilifika huko pia. Lakini wakazi walikuwa na takwimu zao na ramani zao mkononi, na mtu mwenye ramani hujibiwa tofauti na mtu mwenye malalamiko.

Yapo mambo ambayo hayawezi kungoja barua yangu wala kikao. Mkiona nyufa mpya ardhini au ukutani zinazopanuka wakati wa mvua, miti au nguzo zilizoanza kuinama, au maji ya tope yakichuruzika kwenye kingo ambako hayakuwepo, tokeni usiku huohuo, mhandisi mtamwita kesho. Mtu akichanganyikiwa, akazimia au mwili ukawaka kwa joto, hiyo ni dharura: msogezeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni na mmwahishe hospitali bila kusubiri apate nafuu. Na notisi yenye tarehe ikibandikwa mlangoni, nendeni ana kwa ana kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria ndani ya siku chache, kwa sababu muda wa kupinga mara nyingi huanza kuhesabiwa siku ile ya notisi. Chukueni nakala yake, msiishie kuipiga picha.

Kwa mkutano ujao, mkaingie na daftari. Kila kaya kumi zimchague mtu wa kuandika nani anaishi wapi, tangu lini, na kama anapanga, akiwemo yule anayelala kwenye kibanda cha nyuma ambaye hakuna mwenye nyumba atakayemtaja. Anza na chumba chako leo: tafuta alama ya juu kabisa ambayo maji yaliacha ukutani, pima kutoka sakafuni kwa futi kamba, andika tarehe ya mafuriko, upige picha futi kamba ikiwa bado imeshikwa pale ukutani.